Bwawa la Madume

Tryphena alipostaafu kupika katika shule moja huku Bura, tulitarajia anunue ng'ombe kama watu wengine. Yeye akachimba bwawa la samaki. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Mdawida, mtu wa milimani, na samaki wapi na wapi? Lakini mwaka wa kwanza perege wake walizaana ajabu, nasi tukafyata ndimi na kupanga foleni, sahani mkononi. Nia yake ilikuwa moja: bwawa lijizalishe lenyewe, asinunue mbegu ya samaki tena maishani.

Kisha kiangazi kikakaza, mfereji wa kuliletea bwawa maji ukakauka. Jirani yake wa juu, Festus, anazalisha vifaranga wa samaki wa kuuza. Tryphena akamwomba azibe shimo alimomwagia maji ya matangi yake, na kila akiyabadilisha ayateremshe kwake. Akakubali. Maji yakishuka, mkungu wa ndizi ulipanda kwa shukrani.

Samaki walinenepa, vifaranga hawakuonekana. Wale majike wa kwanza tulikuwa tumeshawala. Hawa walikuwa watoto wao, waliokuwa wachanga maji ya Festus yalipoanza kushuka, na sasa ni watu wazima. Tryphena alichanganyikiwa kabisa. Alibadilisha chakula. Akamlaumu mdiria, yule ndege mla samaki. Akalaumu macho yetu, yangu kwanza, eti ninasifu mno. Jike la perege hutunza mayai mdomoni, basi akawavua mmoja mmoja na kuwapanua midomo kama daktari wa meno. Patupu.

Hapo akamwita Branice, afisa wa uvuvi. Branice aliwageuza matumbo juu, mmoja baada ya mwingine.

"Mama, hawa wote ni madume."

"Wote? Na walizaliwa humu humu?"

Branice akauliza maji yanatoka wapi, akapanda kwa Festus, akarudi uso umekunjamana. Festus huwapa vifaranga wake chakula chenye homoni ya kiume, wote wawe madume, maana madume hukua upesi. Mabaki ya homoni hiyo hutoka na maji.

"Nashuku ndiyo imewageuza wako wakiwa wachanga," akasema. "Tutayapima maji. Kwa sasa yafunge."

Tryphena alipanda huko mbio, nami nyuma yake, moto unamtoka puani. "Festus, umenimwagia dawa!"

Festus akaonyesha kwa kidole nyuma ya matangi. "Mama, si nilikuwa na shimo la kuyamwagia? Wewe ndiye uliyeniomba nilizibe."

Nilimwonea Tryphena huruma hata nikakosa pa kutazama. Tukateremka hadi bwawani. Maji yalikuwa yamepungua, migongo ya samaki inaonekana. Mferejini yalikuwa yanashuka mengine ya Festus, yale yaliyokuwa yamefunguliwa kabla hatujafika kwake.

Tryphena alichota tope kwa jembe ili azibe mlango wa maji. Akalishikilia hapo hapo, haliweki, halitupi.

"Nikiziba wanakufa leo," aliniambia. "Nikiacha, hata vifaranga wapya nikiwatia watageuka madume, bwawa lisizae kamwe. Wewe ungefanyaje?"

Maji yalipofika miguuni petu, aliweka jembe chini akayaacha yapite.