Kazino ya Baba: Safari ya Kamina Kumtafuta Muuaji

Dada yangu Justine alitaka baba yetu awe muuaji, na mimi nilikataa kuandika hivyo. Hiyo ndiyo sababu iliyotupeleka Kamina.

Nieleze. Justine ni fundi wa kushona hapa Elisabethville, na ulimi wake haupumziki hata Jumapili. Hadithi humjia huku akikanyaga cherehani. Mimi, mwalimu wa shule, huandika anachosema, na tunagombana kila ukurasa. Mwaka huo tulikuwa tunatunga kitabu cha mauaji na upelelezi juu ya kazino ya baba. Msicheke. Zamani baba yetu, Banza, alikuwa fundi wa reli Kamina, na Jumapili baada ya misa alifungua mchezo nyuma ya nyumba, chini ya bati: gurudumu la baiskeli limelazwa juu ya meza, namba zimepakwa rangi ukingoni, na kipande cha ngozi kikigonga tiki-tiki-tiki mpaka lisimame. Watu waliweka dau la sabuni, chumvi, kitenge, hata jogoo. Mzungu mmoja wa stesheni aliliona akacheka, "Kazino!" Jina likaganda.

Jumapili moja Kalenga, aliyekuwa akilisha moto wa treni na ndiye rafiki mkubwa wa baba, alishinda kila kitu kilichokuwa mezani. Kesho yake alikutwa amekufa kando ya reli. Watu wakanong'ona kwamba Banza amemuua kwa hasira ya kushindwa. Hakushtakiwa mtu, lakini baba alitubeba tukahama, na tangu hapo hajatamka neno Kamina. Nilikuwa mdogo sana. Ninachokumbuka vizuri ni ule mlio wa ngozi.

"Muuaji njo mwenye kazino," alisema Justine. "Bila ile, nani atasoma?"

"Mwenye kazino iko baba yetu, Justine!"

"Basi twende tuulize mujane wa Kalenga. Kama haiko baba, nitafunga kinywa."

Justine kufunga kinywa! Kwa hilo tu ningekwenda hata kwa miguu. Lakini moyoni niliogopa jibu, tena niliogopa sana.

Tuliondoka na treni ya jioni, wakati wa baridi, majira ambayo nyasi huchomwa. Moshi wa porini na moshi wa treni ulichanganyika madirishani, sikujua upi ni upi. Magurudumu yaligonga reli tiki-tiki-tiki, na kila nilipofumba macho nilimwona mtu asiye na uso amekaa mbele yangu, amepakata jogoo. Nikafumbua macho: kweli mbele yangu palikuwa na jogoo, amepakatwa na abiria mmoja mnene aliyekoroma. Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka.

Bukama, alfajiri. Mto Lualaba haukuonekana. Palikuwa na ukungu mweupe tu, na daraja likiingia ndani yake taratibu, nasi juu yake. Stesheni, sauti za akina mama wauza samaki wakavu zilitufikia kabla hatujaona mikono yao. Justine alinunua kifurushi cha samaki, zawadi ya mjane, akakaa nacho mapajani bila kusema neno. Nilijua kwamba naye anaogopa.

Kamina, mchana. Jua lilikuwa limepauka kwa moshi, na nyumba za watu wa reli zilisimama kwa mstari, moja sawa na nyingine, hata nilihisi napita mbele ya mlango uleule siku nzima. Kila tuliyemuuliza alituonyesha mbele kidogo. Mwisho tukafika kwa Mama Umba, mjane wa Kalenga, mwanamke mwembamba mwenye rozari shingoni, akianika mihogo uani. Tulipiga magoti, tukapiga makofi polepole, tukamsalimu kwa Kiluba.

"Wakomapo, mama."

"Eyo vidye," alijibu, akatutazama. "Beye njo batoto ya Banza. Masikio iko ileile. Ingieni, mukule."

Hakuuliza tumefuata nini. Alipika bukari, ugali wa kwetu, na wale samaki tuliomletea. Tukiwa mezani akaingia kijana mrefu, kofia ya reli kichwani, mikono myeusi kwa makaa. Mama Umba akasimama, akamletea maji ya kunawa.

"Bwana yangu, kaa, chakula itapoa," akamwambia. Kisha kwetu: "Anapanda na treni ya saa kumi."

Justine alinifinya chini ya meza. Bwana wake! Kijana wa kuzaliwa juzi! Tukala, mimi nikijizuia kumtazama.

Tulipokaribia kumaliza, Justine aliropoka kwamba tunaandika kitabu, na Mama Umba akataka nimsomee. Nikatoa karatasi, nikasoma palipokuwa juu: "Kalenga alilala kando ya reli, macho wazi, damu ikiingia kwenye kokoto…" Jina la marehemu tulikuwa bado hatujalibadili.

"Nyamaza!" Mama Umba aliruka. "Unamuua na bukari mu kinywa?"

Kijana alikuwa ameachia tonge sahanini. Hapo ndipo akili ilinirudi, nikatamani ardhi inimeze. Sisi Waluba tunajua: aliyekufa hurudi na jina lake. Mtoto akipewa jina hilo, ni yeye mwenyewe, na mjane humwita bwana yangu. Baadaye tuliambiwa kwamba dada yake Kalenga alijifungua baada ya msiba, na mtoto akapewa jina la marehemu. Huyu aliyekaa mbele yetu alikuwa Kalenga, na mimi mwalimu mzima nimemlaza maiti mbele ya mkewe. Mji ulikuwa umetusahaulisha.

"Hatapanda treni na ile maneno mu masikio," alisema Mama Umba. "Ulimulalisha na ile mukono, umuamushe na ile mukono."

Nikaandika, nikasoma: "Kalenga akafumbua macho. Akakaa. Akapangusa vumbi kwenye suruali, akamchukua jogoo wake, akarudi kwa mkewe, akakuta chakula kingali cha moto."

Mama Umba alisikiliza amefumba macho. "Chakula gani?"

"Bukari na samaki, mama."

"Andika."

Nikaandika. Kijana akalichukua tonge lake, akala. Justine, ambaye hawezi kungoja, akauliza kwa sauti ndogo: "Mama, baba yetu njo alimuua?"

"Nani alikuambia ile uongo? Kalenga alikunywa pombe, akalala pa reli na jogoo yake. Asubuhi ukungu ilikuwa mingi, treni haikumuona. Minyi nilimuosha na mikono yangu, minyi najua. Banza alikimbia bila kuniuliza." Alimgusa kijana begani. "Huyu alipozaliwa, nilituma muntu ya treni: Banza akuje asalimie rafiki yake, alete kuku ya jina, zawadi ya mutoto. Muntu mwenye kuua bwana yangu, ningemuita akuje abebe mutoto? Nilingoja. Hakukuja."

Justine alilia wazi, kama mtoto. "Nilitaka kumuuza baba yangu kwa wasomaji," alisema. Mimi nilijisikia mwepesi mpaka kizunguzungu kikanishika.

Saa kumi tulimsindikiza Kalenga stesheni. Alipanda kwenye injini, akainama, akacheka. "Ambieni Banza namungojea. Kuku yangu iko wapi?" Mvuke ukamfunika.

Kurudi, Lualaba ulikuwa wazi, wa bluu, na watu wakifua nguo ukingoni. Nililala usingizi bila kuota kitu.

Baba tulimkuta kizingitini akishona kiatu, misumari midomoni.

"Kalenga anakusalimia," nikasema.

Nyundo ikasimama. Nikamweleza yote. Alitoa misumari midomoni, mmoja mmoja, akaipanga juu ya goti.

"Ule muntu ya treni alifika," akasema. "Nilifikiri bananiita banipige." Akaigeuza nyundo mkononi. "Anatumika kazi gani?"

"Kulisha moto ya treni."

"Tena? Haikumutosha?" Akacheka hata machozi yakamtoka, na hayakukoma kicheko kilipokoma. "Iko na ndevu?"

"Iko, baba."

"Basi kuku moja haitatosha."

Kitabu chetu mpaka leo hakina muuaji, na Justine, tumshukuru Mungu, amefunga kinywa kwa jambo hilo moja. Nami nimejifunza kwamba baba alikuwa anangojwa muda wote huo aliodhani anasakwa. Jumamosi tulimpeleka stesheni, kuku wawili kapuni, suti yake ya misa mwilini. Treni ilipoanza kusogea alitoa kichwa dirishani, hofu imemjaa usoni.

"Nimezeeka," aliniambia. "Atanitambua?"