Nyumba Isiyowajua Wageni

Nilipokuwa mtoto, miaka ile ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, watu wa kilimani kwetu walisema nyumba ya Koko haiwapendi wageni. Koko alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Aliishi peke yake juu ya Bukavu, njia ya kwenda Kabare, katika nyumba ya udongo na nyasi iliyofichwa na migomba. Sisi tuliishi chini, Kadutu, katika nyumba ya matofali. Kila likizo nilipelekwa kwake. Nililala kwenye mkeka karibu na meko, nikaamka na madoa mekundu yanayowasha miguuni, na zaidi ya homa moja ya uchanga ambayo nilihadithiwa tu, sikupata kuugua nyumbani mle.

Wageni ndio waliougua. Namkumbuka mchuuzi wa samaki kutoka Kalehe aliyeomba kujikinga mvua akalala hadi asubuhi. Aliondoka mzima, anatania. Baadaye tukasikia yuko kitandani anatetemeka, homa inamwachia, kisha inamrudia. Majirani walikuwa na maelezo yao. Babu, aliyekufa kabla sijazaliwa, hakuondoka nyumbani. Yuko palepale alipokuwa akilala, chini ya ukuta wa nyuma, na asiyemfahamu humshika, humwachia, humshika tena.

Koko aliamini hivyo kwa moyo wote. Mahali pale hapakutandikwa mkeka kamwe. Mgeni akija, Koko aliokota vumbi kidogo la sakafu, akampaka kwenye paji la uso na kumtajia babu jina la mgeni huyo, kwa sauti ya chini kama mtu anayeongea na mgonjwa aliyesinzia.

Papa, baba yangu, alicheka mambo hayo. Alikuwa mchungaji kwenye shamba la mzungu mmoja, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwapitisha ng'ombe katika shimo refu la dawa ya kuua kupe. Siku moja aliniinamisha kwenye majani ya malisho akanionyesha kupe juu kabisa ya unyasi, amejishika kwa miguu ya nyuma, ile ya mbele ameinyoosha hewani.

"Ona," aliniambia. "Haina mbio. Haiwezi kukufuata. Inapanda majani, inangoja ngombe apite, inashika manyoya, basi. Inabaki pale siku mingi, inanyonya mpaka inajaa."

Alimpitishia kidole, na kupe akahamia kidoleni bila kusita. Kwa Papa, ugonjwa ulikuwa kitu unachoweza kukishika na kukiponda. Kilichoongelewa kwa kunong'ona kilikuwa upuuzi.

Mwaka ule mama mdogo Nabintu alikuja kutoka Luhwindja. Alikuwa mdogo wake Maman, mama yangu, msichana mwenye kicheko cha kujificha nyuma ya kiganja, na tumbo lake la kwanza lilikuwa kubwa. Mume wake alichimba dhahabu kule, na walikubaliana azalie karibu na hospitali ya Bukavu. Lakini mgeni hakuruhusiwa kulala cité, mitaa ya Waafrika kama Kadutu yetu, hivihivi. Polisi walipita nyumba kwa nyumba, na ruhusa ilikawia. Papa akaamua Nabintu angojee kilimani kwa Koko.

Nilikuwepo alipofika. Koko alimpokea kwa mikono miwili, kisha akainama kuokota vumbi. Nabintu, Mkatoliki aliyefundwa na masista, akarudi nyuma.

"Hapana, mama. Mimi niko mubatizwa."

"Sikatai, mwanangu. Lakini hii nyumba haikujui. Acha nikutaje."

"Mumuache," Papa alisema kutoka mlangoni. "Mama, hizo ni mambo ya zamani."

Koko akafuta vidole vyake kwenye kitambaa chake. Akasema jambo moja tu. "Basi asilale kwa ukuta wa nyuma. Ile nafasi iko ya muzee. Alale kwa kitanda yangu."

Nabintu alikilalia kitanda kile mpaka mvua kubwa zilipoanza. Paa lilivuja juu yake, na mahali pakavu palipobaki ni pale chini ya ukuta wa nyuma. Alivuta mkeka mwenyewe. Asubuhi Koko alipomkuta amelala pale hakumgombeza. Alikaa chini akamtazama, na mimi niliyekuwa nikipuliza moto niliona mdomo wake unatembea bila sauti.

Siku kadhaa zilipita salama. Kisha homa ikaja. Nabintu aliungua mwili mzima, akalia kichwa na mgongo. Maman alipanda na kinini, akamnywesha. Baada ya siku chache jasho likamtoka kama amemwagiwa maji, na homa ikaondoka. Alikula viazi. Alicheka. Maman alishuka Nyawera sokoni kumtafutia samaki, na Papa akaniambia, "Unaona? Malaria tu."

Homa ikarudi. Safari hii walimbeba kwa machela, njia yote utelezi mtupu. Mtoto alizaliwa hospitalini kabla ya wakati wake, hapumui. Madaktari walitazama damu ya Nabintu kwa darubini, wakamchoma sindano. Alikufa kesho yake, wakati Maman ameenda kumchotea maji.

Mume wa Nabintu alikuja na kaka zake. Hakwenda moja kwa moja kaburini. Alipanda kwa Koko, akasimama uani katikati ya majirani akasema bila kupaza sauti, "Muke wangu alikufa ndani ya nyumba ya huyu mulozi." Neno lile, mchawi, lilikuwa limezunguka kilimani muda mrefu. Sasa lilikuwa limesemwa mchana, na hakuna aliyelipinga.

Siku hiyohiyo alifika muuguzi wa dispansari, ametumwa na hospitali kwa sababu ya kile walichokiona kwenye damu. Hakujua amekuta baraza la namna gani. Aliomba kisu na ungo. Aliingia ndani, akachokoa nyufa chini ya ukuta wa nyuma, akapepeta vumbi lile, akautoa ungo juani. Mwanzoni niliona vijiwe vya kijivu. Halafu vijiwe vikaota miguu. Vikaanza kutembea kuelekea ukingo, upande ule tuliokuwa tumesimama.

"Hizi ni papasi," alisema. "Wengine wanaita kimputu. Zinaleta homa ya kurudi."

Papa alisogea akainama. "Kupe ninaijua mimi. Hii siyo kupe."

"Ni ndugu yake. Ya kwako iko mu majani, inangoja. Hii inakaa mu vumbi ya nyumba, inasikia pumzi na joto ya mutu mwenye kulala, inamufuata. Inakunywa haraka, inarudi mu ufa mbele ya asubuhi. Ndiyo maana hauioni."

Papa akabaki ameinama juu ya ungo. Miaka yote aliwasafisha ng'ombe wa mtu mwingine, na sakafu ya mama yake hakuwahi kuichokoa.

Nilidhani mambo yamekwisha, kwamba Koko ameokolewa. Mume wa Nabintu aliutazama ungo kwa muda mrefu.

"Munganga," aliuliza, "na huyu mumama, kwa nini hazimuue?"

"Zinamuuma tangu utoto. Damu yake imezizoea."

"Kwa hiyo zinamujua."

Muuguzi alijaribu kueleza, lakini nilisikia watu wakivuta pumzi. "Anazilisha," mwanamke mmoja alisema nyuma yangu. "Ni zake. Anazifuga." Koko alikuwa amesimama kwenye mlango wake, mikono imening'inia. Alisema, "Nilimuambia asilale pale." Hata hilo likawa ushahidi: alijua.

Nyumba ilichomwa jioni ile. Muuguzi alishauri ibomolewe kwa sababu ya papasi. Waliowasha moto walikuwa na sababu yao. Papa aliomba ruhusa, na Koko akaja kuishi nasi Kadutu. Wanawake wa barabara yetu waliwaita watoto wao ndani alipotoka kuota jua. Maman alimpikia, akamfulia, lakini hakupokea tena chakula kutoka mkononi mwake, hata siku moja, mpaka tulipomzika.

Miaka mingi baadaye, Maman akiwa mzee mwenyewe, nilimuuliza kama aliamini kweli.

"Hapana," alisema. "Mimi niliona zile papasi na macho yangu. Lakini utakasirikia papasi namna gani?"

Nimelifikiria jibu lile kuliko yote waliyonifundisha shuleni. Koko alijua mahali penye kifo, akatuonyesha kwa maneno pekee aliyokuwa nayo. Papa aliyakataa maneno, na mahali penyewe pakapita machoni pake. Halafu ukweli ulipoletwa juani, ukiwa na miguu yake, tuliutumia kumhukumu aliyetuonya. Alikufa Kadutu, kwenye sakafu ya saruji, na kati ya wote waliokuja kumlilia hapakuwa na mtu hata mmoja wa kilima chake.