Kungoja Mto Upwe

Juzi pale Marikiti nilinusa ndizi za Taita, zimefunikwa majani mabichi, nikamkumbuka bibi mzaa mama. Alasiri moja alinichukua kunionyesha kijiji cha kale alikozaliwa, ng'ambo ya mto. Maji yalinguruma baina ya mawe, japo kina chake kilikuwa cha magotini. Mimi, mtoto wa Bondeni, kando ya bahari, nikaketi mchangani.

"Maji yamejaa, bibi. Tungoje yapwe."

Alinitazama, akatazama ng'ambo, kisha akavua viatu akaketi kando yangu. "Haya, mjukuu wangu. Tungoje."

Tulitafuna miwa mpaka jua likajificha nyuma ya mlima, tukarudi nyumbani. Kijiji chake sijakiona hadi leo.

Sasa najua kuwa mto haupwi. Bibi alijua tangu alipovua viatu.