Mabeseni ya Buluu

Harufu ya plastiki mpya dukani bado inanichefua. Tulipokimbia vita kutoka Kalunguta, mama mukubwa, dada yake mama, alitupokea nyumbani kwake Bulengera. Haikupita wiki, bwana mmoja wa msaada, mwenye viatu visivyojua tope, akaja kutugawia mabeseni. Akarudi na mengine, kisha mengine tena. Yalijaa chini ya vitanda na juu ya kabati, nasi watoto tukalala tumeyakumbatia kwa kukosa nafasi. Chakula hakuleta hata siku moja.

"Mama, nini bado inakosekana?" bwana yule alimuuliza mama mukubwa, akitabasamu kama mtu aliyekwisha kutuokoa.

"Kitu ya kutia mu ndani."

"Bien sûr, mama! Bila shaka!"

Aliporudi alituletea mabeseni madogo, yanayoingia vizuri kabisa ndani ya yale makubwa.

Mama mukubwa alichukua dogo, akalitia ndani ya kubwa, akatuwekea mbele yetu sote.

"Batoto, mukule."

Bwana yule alifurahi sana. Akatoa kamera yake, akatuomba tucheke.