Mika ya Kifusini

Jicho moja, la kushoto. Hiyo ndiyo gharama ya habari nzima nitakayokusimulia, mwanangu. Nimeihesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na mara zote mbili jibu ni lile lile. Lingekuwa langu, labda ningekwisha kulizoea. Lilikuwa la mdogo wangu, Letisia.

Nakumbuka asubuhi moja pale Murongo, mpakani, nikiwa binti wa miaka ishirini na miwili niliyejiona nimezaliwa sokoni. Letisia alikuwa anaolewa baada ya majuma mawili, nami nilikuwa nimeahidi kumpamba kwa mikono yangu. Mfanyabiashara mmoja wa upande wa Uganda alikuwa na poda ndani ya kikopo kisichozidi kizibo cha chupa. Alipotaja bei nilimtazama usoni nione kama ana homa.

"Dada, hii siyo poda ya hivi hivi," akasema. "Hii ni madini matupu. Soma hapa."

Nikasoma. Mika, oksidi ya chuma, oksidi ya zinki, titani.

"Mika?" Nikacheka. "Kaka yangu, kwetu Kyerwa mika tunaikanyaga! Imejaa kwenye vifusi vya wachimba bati. Nipunguzie nusu tuachane kwa amani."

"Kama mnaikanyaga, kaichote ukajipake."

Wenzake wakaangua kicheko. Mfanyabiashara kama mimi akichekwa mbele za watu, mwanangu, akili yake hufunga duka mapema. Nikaondoka pale mikono mitupu, nimeamua kumkomoa mtu ambaye kufikia jioni alikuwa amekwisha kunisahau.

Nilikwenda kwenye machimbo nikaokota vipande vinavyong'aa kama kioo, vile vinavyobanduka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu. Nikavitwanga kinuni. Nikaviosha kwenye karai kama wachimbaji wanavyoosha bati: kizito kikazama, chepesi nikakikinga. Nikachuja kwa kanga. Nilikuwa nimesikia kwamba oksidi ya chuma ni kutu tu, na wekundu wa udongo wetu ni kutu hiyo hiyo. Nikachota udongo nyuma ya migomba, nikauchekecha, nikatia. Juu yake nikaongeza poda ya watoto. Nikajipaka mgongoni mwa mkono, nikangoja siku mbili. Hakikuwasha kitu. Nikajiona nimemshinda yule bwana wa mpakani.

Kwetu, kumwandaa bibi harusi ni kazi ya shangazi. Shangazi Paskazia alifika kijijini kwetu Kimuli na kibuyu chake cha samli, akanikuta nimeshaanza.

"Ni nini hicho unachompaka?"

"Shikamoo, shangazi. Ni madini. Vitu vya asili, havina kemikali."

"Hata nyoka ni wa asili," akasema. "Mpake samli mwenzio."

"Shangazi, kwa samli atang'aa kama chapati!"

Wasichana wakacheka. Safari hii kicheko kilikuwa upande wangu, nami nikalewa nacho. Shangazi alifunga kibuyu, akakaa pembeni akitafuna punje zake za kahawa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Hawasemi kwamba wakati mwingine guu linalovunjika ni la mtu mwingine kabisa.

Sasa sikiliza hapa. Unajua kwetu bibi harusi anapoagwa sharti alie. Asipolia watu watasema alikuwa na haraka ya kuondoka, au nyumbani hakupendwa. Letisia alilia. Machozi yakateremsha poda machoni, akafuta kwa leso. Akazidi kulia, akazidi kufuta. Wanawake wakapiga vigelegele. "Huyu kalelewa!" wakasema. "Anajua kulia!" Nami nilisimama pale nikijivuna: mdogo wangu analia vizuri kuliko mabibi harusi wote wa Kimuli, na uso bado unametameta.

Alikuwa analia kwa maumivu. Sote tulimshangilia.

Alipofika kwa mumewe alinyamaza, maana mgeni wa siku moja hawezi kuanza kulalamika ukweni. Siku ya nne mumewe alimfunua mtandio, akaliona jicho, akampakia kwenye pikipiki moja kwa moja hospitali. Daktari alisema kioo cha jicho kimekwaruzwa na chembe kali, uchafu umeingia, kidonda kimeoza. Kovu lilibaki. Jicho lipo, limeota ukungu, halioni kitu.

Baadaye mama mmoja wa duka la dawa mjini Kayanga alinifafanulia. Mika ya kiwandani ni mika kweli, lakini imesagwa ikawa laini kuliko unga wa muhogo, ikasafishwa. Yangu ilikuwa na mchanga wa mawe meupe, ule unaokata kioo. Kutu ya vipodozi hutengenezwa kiwandani kwa makusudi, kwa sababu udongo unaweza kubeba madini ya risasi na sumu nyingine zisizoonekana. Hata ile talki, jiwe laini linalosagwa kuwa poda ya watoto, ardhini huweza kulala jirani na asbesto, nyuzi zinazoua mapafu. Bila kupimwa hujui umenunua ipi. Nikamwuliza kama neno "madini" lina maana yoyote basi. Akasema, "Lina maana kwamba kitu kimetoka kwenye jiwe. Mengine uliza."

Basi, mwanangu, nakuona unauza poda kwenye simu yako, umeandika "asili tupu". Soma orodha yote, siyo jina la mbele. Zinki na titani haziwashi ngozi nyingi, lakini ukiziona katika unga mwepesi usizivute puani. Kile king'avu kinachoitwa bismuthi huwawasha baadhi ya watu wakitoka jasho. Mwulize mteja kabla hujampaka. Usitosheke na kujaribu kwenye mkono kitu kitakachokaa karibu na jicho. Na mtu wako akilia, hata siku ambayo kulia ni desturi, mwulize analia nini. Mungu akupe mikono isiyomwumiza yeyote, na akupe masikio mapema kuliko alivyonipa mimi.

Sina la kujisifia katika haya. Letisia hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo silipatii bei. Juzi alikuja binti yake, Editha, anaolewa baada ya mavuno ya kahawa. Akapiga magoti, akasema, "Mama mkubwa, mama amesema unipambe wewe." Nikamwinua, nikamwomba siku chache. Wewe na wenzako mliosoma, mnaozijua hizo poda kwa majina yake yote, nishaurini: niende, au nikatae? Na nikikataa, nimwambie nini mama yake?