Bakuli Lisilo na Mwenyewe

Melania, ambaye hapa mtaani Gungu tunamwita Mama Erasto, anaweza kugombana na yeyote kwa lolote. Mimi jirani yake wa upande wa pili nimewahi kununiwa mwezi mzima kwa sababu kivuli cha paa langu kinaangukia matembele yake. Lakini kwa Regina, Mama Dainess, jirani yake mjane wa upande mwingine, hakuwahi kupandisha sauti. Kati yao kulikuwa na bakuli.

Bakuli lenyewe ni la bati, jeupe, lina maua mekundu na limebanduka rangi ukingoni. Huku kwetu jirani akikuletea chakula, hurudishi chombo chake hivi hivi, unatia chochote ulicho nacho. Basi Melania akipeleka samaki, migebuka, bakuli linarudi na maharage ya mawese. Akirudisha bakuli la maharage, ametia ndizi. Limekwenda hivyo tangu Dainess yuko tumboni, na Dainess sasa ana watoto wake. Nani alianza? Hakuna aliyejua. Kila mmoja aliapa kwamba bakuli ni la mwenzake, yeye anarudisha tu.

Halafu Dainess akaja kumchukua mama yake wakaishi wote Tabora. Asubuhi ya kuondoka, jiko la Regina lilikuwa limeshaingia kwenye magunia, na bakuli lilikuwa kwa Melania.

Melania akachanganyikiwa. Akilijaza, anamwaibisha mwenzake ambaye hana tena hata sufuria ya kupikia cha kurudisha. Akilipeleka tupu, ni kama kumwambia urafiki wetu umekwisha. Akikaa nalo, tutasema amemlia mjane bakuli lake. Na kweli tungesema.

Akamfuata mpangaji wake, mwalimu Davis, kijana wa Iringa anayefundisha fizikia sekondari. Alikuwa anapiga mswaki uani.

"Mwalimu, nyie mliosoma, kitu kinakuwaje kitupu?"

Davis alitema povu upesi. Nadhani alikuwa akilisubiri swali hilo tangu aajiriwe, maana wanafunzi wake hawaulizi.

"Shikamoo, mama. Kitupu hakipo," alisema. Akaeleza kwamba bakuli lina hewa. Ukiitoa hewa yote, bado mwanga unapita humo. Ukizuia na mwanga, bado pale patupu panachemka chini kwa chini, vijitu vidogo kupita kiasi vinazuka na kutoweka. Wapo wataalamu wanaodhani hata ulimwengu wote, jua, nyota na hili ziwa letu, ulichomoza kwenye utupu wa namna hiyo, ingawa wenyewe bado wanabishana.

"Na alianzisha nani?"

"Hatujui, mama."

"Hata nyie!" Melania alifurahi mno.

Akalisugua bakuli, akalifuta, akalifunika kwa kitambaa chake cha kufuma cha sebuleni. Akalibeba kwa mikono miwili, akitembea polepole asije akamwaga. Davis alimfuata na mswaki mkononi, akimsihi: "Mama, sikumaanisha hivyo!" Sisi wengine tukatoka majumbani. Jambo kama hilo si la kusimuliwa.

Kirikuu, kile kigari cha mizigo, kilikuwa mlangoni kwa Regina kimeshapakiwa, magodoro juu.

"Mwakeye, Mama Dainess," Melania alisalimia. "Nimekurudishia."

Regina akafunua kitambaa. Akatazama ndani muda mrefu. Nilimwonea Melania haya mpaka nikaziba mdomo.

"Mbona hamna kitu?" Dainess akauliza.

"Kimo," Melania alisema. "Humo ndani panachemka. Muulizeni mwalimu."

Tukamgeukia Davis. Povu lilikuwa bado kidevuni.

"Kitaalamu," alisema, "ni kweli."

Regina akacheka mpaka akakalia gunia la sufuria. Kisha nikaona anafuta machozi kwa kanga.

"Ndivyo ulivyokuja siku ya kwanza, Mama Erasto. Mlikuwa mmehamia juzi yake. Ulikuja na bakuli hili, tupu, kuomba chumvi. Ukaona haya, ukaniambia umekuja kunionyesha maua yake."

"Oya, hapana! Mimi?"

"Wewe. Nikakutilia chumvi."

Melania akamkodolea macho. "Kumbe ni langu! Miaka yote ulijua?"

"Ningekwambia, ungelichukua ukakaa nalo."

Dainess, mtu wa haraka, akanyoosha mkono. "Basi mama, mpe bakuli lake twende, tutachelewa."

"Nimpe hivi hivi?" Regina akamng'akia. "Mtu kaniletea kitu, nimrudishie bakuli tupu? Hii ni zamu yangu."

Akapanda mbele, akalipakata bakuli, akalifunika vizuri kwa kitambaa. Gari likaondoka. Melania akalikimbilia hatua chache, analia mbele yetu sote bila kujificha, huku akigombana na dereva:

"Wewe! Taratibu kwenye mashimo! Utamwaga!"