Sufuri Niliyoambiwa Nifute

Dada yangu alikuwa amesimama katikati ya mto usio na maji, samaki mkononi, ananicheka. Halafu upepo baridi wenye harufu ya udongo ukanipiga usoni, na pale alipokuwa pakawa ukuta wa maji ya rangi ya chai. Hakupiga hata kelele. Mimi maji yalinitupa kwenye mgunga, nikashikilia tawi. Kilichopita chini yangu kilikuwa karoti. Karoti nyingi, zimeoshwa zikang'aa, zikifuatana kama zinajua zinakoenda.

Sisi tunakaa ng'ambo ya Gilgil, pale mto Malewa unaposhuka kwenda Ziwa Naivasha. Dada alikuwa anawaoshea wakulima karoti. Mimi niliachia shule darasa la nne, lakini namba nazijua, kwa hivyo watu wa utafiti walinipa kazi ya ubao. Ni chuma kilichochorwa namba, kimesimikwa mtoni. Asubuhi na jioni nasoma maji yamefika wapi, naandika kwa kitabu, nampigia mtafiti simu. Walituambia kitabu hicho ndicho kitaamua mashamba yachote kiasi gani na ziwa libakishiwe kiasi gani. Nikaamini.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha siku tatu bila kupumzika. Nilishuka nikijua nitakuta mto umefura. Ubaya niliujua kwanza kwa masikio: kimya. Hata chura mmoja hakulia. Ubao ulikuwa umesimama kwa matope, samaki wanafungua midomo, na mawe ambayo sijawahi kuyaona yametokeza, meusi, kama watu waliozikwa hadi shingoni.

"Wewe, weka hicho kitabu uje tubebe kitoweo," dada akaniita. "Leo mto umetugawia."

Niliandika sufuri kwanza, nikapiga simu.

"Mathe, sufuri haiko," mtafiti akasema. "Mvua yote hii, mto ushuke aje? Ama umesahau miwani?"

"Boss, nimesimama pale maji hukaa. Ni matope tu."

"Utatuharibia hesabu yote. Futa, andika ya jana. Nitakuja Ijumaa nijionee."

Mto ukishuka wakati wa mvua, kuna kitu kimeuziba huko juu. Hata mchunga mbuzi anajua hivyo. Na sisi tulijua ni nini: tuta la udongo ambalo mwenye shamba kubwa la mboga alijenga kukinga maji, na afisa wa maji hupita hapo akiangalia upande mwingine. Tuta la udongo likijaa, hupasuka. Nilijua, lakini penseli ilikuwa yao. Badala ya kumwita dada atoke, nilichukua raba, nikafuta, nikaandika ya jana. Nilikuwa ninapuliza vumbi la raba kwenye karatasi wakati dada alipoinua samaki wake anionyeshe.

Wiki iliyofuata tuliitwa kwa chifu. Mwenye shamba alikuwa ametuma unga na blanketi. Afisa akasema ni kazi ya Mungu. Mtafiti akafungua kitabu, kile nilichotoka nacho mtini kifuani na yeye akakichukua Ijumaa, akasoma namba ya asubuhi ile, akasema mto ulikuwa kawaida, hakukuwa na dalili yoyote. Hakuniangalia. Nilipotaka kusema, chifu akaniuliza, "Mama, huu mwandiko ni wa nani?"

Ni wangu. Hilo silikatai, na nitalibeba mpaka nife. Lakini mimi hukandamiza penseli. Shika ukurasa ule juani, utaona duara chini ya namba, limezama kwenye karatasi.

Kwa hivyo namwambia mtafiti: kitabu kiko kwako. Kilete kwa chifu, ukifungue mbele ya watoto wa dada yangu, mwenye tuta akiwa amekaa hapo na afisa wake. Uwaambie ni nani alisema nifute, na kwa nini. Wakuulize watakalo, na usiondoke kabla hujawajibu.